Matanga Mapya, Uliza Ndani

Nyinyi mnaobaki na mashine mmeniomba niwaachie maneno machache. Ningeweza kuyasema, lakini mnanijua: nikisimama mbele ya watu ulimi unalala. Kwa hiyo naandika. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito kwenye kalamu kuliko kwenye sindano. Msishangae nikikawia kufika penye jambo lenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na babu yangu pia. Walitoka magharibi wakaja Nakuru na hawakurudi. Nilipomaliza shule ya msingi baba alinileta hapa dukani na kumwambia Mzee Pritam, mwenye duka, "Huyu hasemi, lakini hachoki." Sikuwa na sifa nyingine. Mzee Pritam, ambaye siku hizo kilemba chake kilikuwa kikubwa na ndevu zake nyeusi, alinitazama mikono badala ya uso, akanipeleka nyuma kwa Fundi Athumani.

Fundi Athumani alikuwa mtu mwembamba wa mtaa wa Bondeni, hapa mjini, ambaye baba yake alipanda bara kutoka pwani. Hakunipa sindano siku hiyo. Alinipa kitambaa chenye mafuta ya taa na turubai la lori la mbao kutoka Elburgon, akaniambia nifute utomvu. Nilifuta mpaka jioni. Kesho yake ndipo aliponieleza sababu: utomvu ukibaki, sindano inanasa, inapinda, halafu mtu analaumu mashine. Hadi leo nikisikia kijana analaumu mashine, hutazama kwanza kama amefuta.

Mashine kubwa ilitaka watu wawili, mmoja wa kushona na mwingine wa kuvuta turubai upande wa pili. Turubai likijikunja, mvutaji anatakiwa kupaza sauti ili mshonaji asimame. Sauti yangu haikufika. Fundi alishona mikunjo mitatu au minne siku moja, akafumua yote bila kusema neno, kisha akanipa mkasi mkubwa. "Ukitaka nisimame, gonga meza mara mbili," akasema. "Mimi nasikia chuma vizuri kuliko wasichana." Ndiyo maana mpaka leo humu ndani tunagonga. Najua baadhi yenu mlidhani ni kanuni ya kiwanda.

Katikati ya turubai za malori zilikuja nguo za aina nyingine, nyeupe na ngumu, zinazolia kama karatasi ukizishika. Hizo zilitoka Naivasha, kwa watu wenye mashua za upepo. Fundi aliziita matanga. Sisi wengine tuliziita turubai za mashua, maana huku bara neno matanga lina kazi moja tu: ni msiba, ni watu kukesha nyumbani kwa marehemu. Hilo lilimchekesha sana. Alisema kwao neno ni moja kwa vyote viwili, na maombolezo yakiisha watu husema wameanua matanga, kama mabaharia wanavyoshusha yao. Nilimsikia, nikaendelea kupaka uzi nta.

Alichonifundisha juu ya kazi hiyo ni rahisi kueleza na kigumu kufanya. Jua la Naivasha huua uzi kabla ya kitambaa. Kwa hiyo usitazame kitambaa, hata kikiwa cheupe kama maziwa. Pitisha ukucha juu ya mshono. Uzi ukikatika, fumua mshono wote ushone upya. Ukitia uzi kidogo hapa na pale, upepo utakufumulia uliobaki. Na usikunje tanga kwenye mikunjo ileile kila mara, kwa sababu litakatika hapohapo.

Mashua iliyotufundisha zaidi ilikuwa ya Mzee Pritam mwenyewe. Iliundwa ng'ambo kwa faiba, ndefu na nyembamba, ya kwenda mbio, lakini ndani ilikuwa na vitanda, jiko dogo na meza ya kukunja, ili mtu aweze kulala majini akitaka. Mkuku wake, ule ubao wa chini unaoizuia isipinduke, ulipandishwa na kushushwa kwa gurudumu, jambo la maana katika ziwa ambalo leo liko hapa na mwakani limerudi nyuma. Kwa kuwa haikuonja chumvi kwa miaka mingi, vyuma vyake vilikuwa safi. Kila jioni ilipopandishwa nchi kavu ilioshwa na kufunikwa turubai nililoshona mimi. Nimeona watu wasiotunza gari hivyo.

Jina lake lilikuwa Chiriku. Mke wa Mzee Pritam, tuliyemwita Mama Simi kwa jina la binti yao, alikuwa msemaji sana. Alipoingia dukani mashine zote zilisimama, si kwa heshima bali kwa sababu hakuna aliyesikia cha mwenzake. Fundi Athumani alimwambia, "Mama, wewe chiriku." Akauliza chiriku ni nini. Akaambiwa ni ndege mdogo asiyenyamaza. Wiki iliyofuata jina lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa mashua. Majini Mama Simi alikaa mbele akizungumza, mumewe akashika usukani nyuma akisikiliza. Niliwaona hivyo mara kadhaa nikiwa nchi kavu na mfuko wa sindano. Sikuwahi kupanda. Sijui kuogelea, na viboko wa Naivasha hawaulizi kama unajua.

Fundi Athumani alifariki, nikabaki na kiti chake. Miaka mingi hapo katikati naiacha, ilikuwa turubai.

Mwanzoni mwa 2007 Mama Simi aliamua kwamba Chiriku inahitaji nguo mpya. Alikuja kukaa mezani pangu akichagua rangi ya tanga lile jepesi linalofura kama puto mbele ya mashua. Alichagua rangi ya machungwa, akabadili ikawa bluu, akarudi machungwa. Nilishona manne: kubwa la mlingotini, hilo la puto, na madogo mawili ya mbele, moja la siku za kawaida na moja la upepo mkali. Ndiyo kazi yangu bora, na nasema hivyo bila haya kwa sababu naandika, sisemi. Waliyatumia safari moja tu. Katikati ya mwaka Mama Simi aliugua, na hakukawia. Walimchoma kwa desturi yao kesho yake, sala zikafanywa hekaluni kwao. Nilikwenda nikakaa nyuma. Mtaa wetu haukujua hata kidogo, kwa kuwa duka lilifungwa siku mbili tu, likafunguliwa.

Mwaka ule uliisha vibaya, kama mjuavyo, na 2008 ukaanza vibaya zaidi. Sitaeleza yale ya uchaguzi. Kila mmoja wenu ana yake. Nyumba yangu ya mtaa wa Rhonda niliiacha kwa muda, nikalala humu stoo kati ya mabunda. Mzee Pritam alinipa funguo bila kuombwa. Duka lilipofunguliwa tena hatukushona kitu kingine ila mahema. Matanga ya zamani ya Chiriku alinitolea mwenyewe akasema, "Kata." Nikakata, nikaunganisha, yakaenda kwa waliolala nje. Mvua hazikuingia humo, nasikia.

Baada ya hapo Mzee Pritam alianza kuzungumzia kuondoka. Magoti yake yalikuwa yamekataa mashua, na binti yake Simi alimtaka Uingereza. Duka lingebaki kwa mpwa wake, mnayemjua. Chiriku, hakuwa na mtu wa kumwachia. Ilibidi iuzwe kabla hajasafiri mwisho wa mvua ndefu, naye alitaka jambo moja tu: anayeichukua aiendeshe kwa upepo.

Wa kwanza kuitaka alikuwa meneja wa hoteli moja ya ziwani, mtu mpole, mwenye shati safi. Alikuja akanywa chai yetu, akaeleza mpango wake wazi.

"Mzee, hiyo mlingoti tutakata. Tuweke injini na kivuli hapo juu, wageni wakae chini yake waangalie kiboko wakikunywa soda."

"Na sails zake?" Mzee akauliza.

"Hizo ubaki nazo. Ama tutengeneze mwavuli kwa bar."

Mzee Pritam alisema atafikiri. Meneja akasema hana haraka, atapita Jumamosi ya mwisho kabla ya safari. Hakuwa mtu mbaya. Alijua tu kwamba hakuna mwingine.

Ndipo Mzee aliponiita niandike kibao cha kuweka nje. Hakutaka Kiingereza. "Watu wa Kiingereza wote wa ziwa wamesikia, hawataki," alisema. "Andika Kiswahili safi, ile ya Athumani." Nikachukua rangi na kipande cha mbao, nikaandika polepole, herufi kubwa, kila moja ikilingana na mwenzake: MASHUA INAUZWA. IMETUNZWA VIZURI. MATANGA MAPYA. ULIZA NDANI. Mzee akakisoma kwa sauti, akaridhika. Mimi pia niliridhika. Fundi angeridhika. Tulikitundika mlangoni, na kati yetu hakuna aliyekumbuka tuko mji gani.

Siku mbili watu walipita mbele ya duka wakipunguza sauti. Msukuma mkokoteni mmoja alivua kofia. Mteja wa Subukia aliyeleta turubai la kuanikia kahawa alilipa akaondoka bila kupatana bei, jambo ambalo halijapata kutokea tena. Siku ya tatu, saa za asubuhi, akaingia Mama Njoki.

Mama Njoki aliuza chai na mandazi upande wa pili wa barabara. Alikuwa ametoka Elburgon mwaka huohuo kwa sababu zilizotoa watu wengi, na hakumjua Mama Simi wala hakuwahi kuona mashua. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine watano au sita wa mtaa, wamejifunga leso, wakiwa na sukari, majani ya chai na unga. Wakakaa juu ya mabunda ya turubai. Mzee Pritam alitoka ofisini akiburuta mguu.

"Mzee, tumeona hiyo kibao," Mama Njoki akasema kwa sauti ya chini. "Tukasema hatuwezi kunyamaza. Pole sana kwa matanga."

"Asante," Mzee akasema. "Ni mapya kabisa. Ya mwaka jana."

"Mwaka jana? Na bado?"

"Bado. Makubwa mawili na madogo mawili."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Na madogo pia," Mama Njoki akasema. "Ngai, Mungu wangu."

"Madogo ndiyo mazuri. Hata hayajatumika sana." Mzee alikuwa ameanza kufurahi, hakuna aliyemuuliza habari za matanga yake kwa muda mrefu. "Yote ameshona huyu Tabitha, kwa mkono wake."

Wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, lakini ulimi ulikuwa umelala.

"Ameshona," Mama Njoki akarudia. "Sanda?"

"Sindano na uzi, mama. Kazi safi. Sasa tumeyakunja, yako hapo juu." Akaonyesha rafu. "Mnataka nishushe muone?"

Mwanamke aliyekuwa karibu na rafu akahamia upande wa pili akiwa bado ameketi, sijui aliwezaje. Mwingine akaanza kuomba kimoyomoyo, midomo ikienda. Nikaona Mzee ananyoosha mkono kuelekea mifuko. Nikachukua mkasi, nikagonga meza mara mbili.

Mzee akasimama palepale. Miaka yote hiyo ilikuwa imemfundisha pia.

"Mama Njoki," nikasema, "matanga ni nguo za mashua. Za kushika upepo. Hakuna maiti."

Mama Njoki akanitazama, akatazama rafu, akamtazama Mzee na mkono wake ulio hewani. Kisha akaanza kucheka kwa tumbo, bila sauti, hadi leso ikafunguka. "Makubwa mawili," akasema alipoweza. "Na mimi nahesabu watoto." Hapo wote wakaangua kicheko, Mzee akiwa wa mwisho, maana ilibidi aelezwe mara mbili.

Walipotulia Mama Njoki akapangusa macho. "Basi tushukuru Mungu. Hakuna mwenye alikufa."

"Yupo," Mzee Pritam akasema.

Akawaeleza kwa ufupi. Alizungumza kama anayemwelekeza mgeni njia: mke wangu, mwaka jana, tumbo, siku chache. Mashua ilikuwa yao wawili. Yeye peke yake haiendeshi.

"Na mtaa wote haikujua?" Mama Njoki akauliza.

"Sisi tunachoma kesho yake. Hakuna kulala nje."

"Si ungetuambia, Mzee."

"Hamkuuliza."

"Ungeweka kibao," Mama Njoki akasema, na safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake wakaanza kuinuka. Mzee akaokota mfuko wa sukari awarudishie. Mama Njoki akausukuma kifuani kwa Mzee kwa mikono miwili. "Hiyo hairudi nyumbani. Sukari ya matanga ikirudi inaleta matanga ingine. Tabitha, weka maji."

Nikaweka maji. Walikaa mpaka chai ikaisha. Mmoja akaomba kwa Kikikuyu, mwingine akaimba wimbo wa kanisa, Mzee Pritam akiwa ameketi katikati juu ya bunda la turubai la kijani, mikono magotini. Waliuliza Mama Simi alikuwa mtu wa namna gani. Alisema, "Alisema sana." Kisha akasimulia mambo mengine ambayo hata mimi sikuyajua. Siku hiyo hatukushona kitu.

Walipoondoka nikamwambia nitafuta lile neno kwenye kibao, niandike lingine. Akakataa. "Wacha," akasema. "Mtu akisoma aelewe ni nguo ya mashua, huyo anajua mashua." Niliona si njia nzuri ya kuuza kitu Nakuru, lakini duka lilikuwa lake.

Wiki zilipita. Tiketi ya safari ikanunuliwa. Jumamosi ya meneja ilikuwa karibu, na Mzee Pritam alikuwa ameanza kusema kwamba kivuli pia si kitu kibaya, wageni nao ni watu. Alisema hivyo akitazama ukuta.

Siku hizo dereva mmoja wa lori la chumvi, Swaleh, alileta turubai lililochanika. Nilikuwa nimeinama nikilipima aliposoma kibao mlangoni.

"Dada, haya matanga ni ya nguo gani?"

Niliinuka polepole. "Dakroni," nikasema. "Mishono mitatu."

"Na mkuku?"

"Unapanda na kushuka."

Akatoka nje na simu. Nilimsikia akipiga kelele: "Mjomba, huku bara! Ee, bara, kwa viboko! Mimi nakwambia njoo uione."

Mjomba wake, Mzee Kombo, alikuwa fundi wa mashua Mtwapa, huko pwani, mtu mfupi mwenye mikono mipana. Alikuja kwa basi, akaingia Nakuru Alhamisi, na Ijumaa tukawa Naivasha na mifuko ya matanga. Alitambaa chini ya Chiriku akigonga faiba kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alifungua kila kifuniko. Mwisho akapitisha ukucha kwenye mishono ya tanga kubwa, kuanzia juu hadi chini, nami nikasimama nimebana mkoba wangu. Uzi haukukatika.

"Nani kashona?"

Mzee Pritam akanionyesha.

"Basi apande. Tanga likinikunjia uso nimuulize nani?"

Nilisema siwezi. Nilisema kuhusu viboko. Mzee Kombo akasema viboko wako kule kwenye matete, na kwamba anahitaji uzito wa upande mmoja. Sijapata kualikwa mahali kwa maneno ya namna hiyo. Nikapanda. Mzee Pritam alipandishwa na vijana wawili wa pale kwa sababu ya goti, akaketi nyuma karibu na usukani, ila hakuushika. Mimi waliniweka mbele. Nilipokwisha kukaa ndipo nilipojua palikuwa pa nani.

Upepo wa mchana ulikuja kutoka upande wa mashamba ya maua. Tanga kubwa likajaa, likanyamaza. Kwa miaka yote niliyoshona nguo hizo sikujua kwamba zikishonwa sawasawa hunyamaza. Chiriku ikainama, ikaanza kukimbia. Mzee Kombo alisema mara moja tu, "Ee, hii ina miguu," na hakusema tena. Nyuma kulikuwa kimya pia. Nikageuka. Mzee Pritam alikuwa akinitazama mimi, au mahali nilipokaa, kama anayengoja kuambiwa kitu.

Nikasema. Nilimweleza kwamba lile tanga la puto Mama Simi alitaka liwe bluu siku moja nzima, na mimi nilikuwa nimekwisha kukata machungwa, nikakaa kimya nikingoja abadili, naye akabadili. Nilimweleza mengine ya mezani pangu. Nilisema sana, kwa kiasi changu. Mzee alisikiliza mpaka tukakaribia gati.

Bei walielewana palepale majini. Sikuisikiliza, si kazi yangu. Nilisikia tu Mzee Pritam akisema, "Jina lisifutwe," na mwenzake akijibu, "Jina la mashua halifutwi, ni mkosi." Meneja angeambiwa kesho.

Mzee Kombo akatazama umbali wa gati, akamgeukia mwenye mashua kwa adabu.

"Haya, Mzee. Tuanue matanga."

Kwake ilikuwa kazi tu, kama ningesema mimi kata uzi. Mzee Pritam aliniangalia. Alikuwa na Athumani miaka mingi kuliko mimi, alijua maana zote mbili. Aliifungua kamba mwenyewe, akaishika kidogo, kisha akaiachia, na tanga kubwa likashuka taratibu hadi mapajani mwangu. Nikaanza kulikunja, nikikwepa mikunjo ya zamani.